Kidevu cha Mkaguzi

Majengo, Mpanda
Alasiri, kabla hujarudi kutoka kwa shangazi yako Makanyagio

Mwanangu Kabula,

Barua huanza kwa kuulizana hali, lakini hali yako naijua. Asubuhi nimekuona ukimaliza viazi vyako na vyangu, kwa hiyo u mzima. Mimi pia ni mzima, ila mgongo unanidai, maana siku hizi nimeinama kwenye tangi la samaki kuliko nilivyoinama kwenye sufuria za wateja. Wateja wa mchana wameshaondoka. Mama yako anaosha masahani huko nyuma na kuimba ule wimbo wake usio na mwisho. Nimekaa kwenye meza ya pembeni, mbele ya kioo, na Mkaguzi ananitazama kutoka majini kama anavyotazama kila mtu anayekaa hapa, kama vile nimeficha kitu chini ya wali.

Sitakuandikia namna ya kufunga sanduku, wala usile nini njiani, wala usikae karibu na nani kwenye treni. Hayo mama yako ameyasema wiki nzima na atayarudia stesheni. Mimi nataka tuzungumze habari ya kidevu cha samaki.

Jana ulisimama hapa na beseni mkononi ukasema, "Baba, mimi siondoki mpaka kidonda chake kifunge. Nitapanda treni ya mbele." Mama yako akakujibu kwamba chuo hakisubiri samaki. Ukanyamaza. Kimya chako nakijua, ni kile kile cha mama yangu ambaye umerithi jina lake, na ndiyo maana tangu ukiwa mchanga nakuita mayu, mama kwa Kisukuma chetu. Yeye naye ukibishana naye alikuwa hajibu, anakwenda jikoni na uamuzi wake. Sasa, ukikosa treni ya kesho, siku ya kuripoti itakupita, na nafasi yako kwenye chuo cha mifugo atapewa mwingine. Hilo linanitisha, nakwambia wazi. Lakini nikaona kubishana na wewe ni kupiga ngumi maji. Nikaamua kutafuta jibu la kidonda kabla ya treni.

Nimelipata. Nivumilie lakini, maana nataka kukusimulia nilivyofika hapo, na njia yangu haikunyooka.

Wewe tangi hili umekua unaliona, kwa hiyo huenda hujawahi kujiuliza limetoka wapi. Mimi nilikuja mjini kutoka Usevya bila ng'ombe hata mmoja. Wa baba yangu walibaki kwa kaka zangu, nami nikafungua hoteli hii ya chai na wali. Mama yako nilimtoa Karema, mwambao wa Tanganyika, na miezi ya kwanza hapa Mpanda alikuwa akiamka anatoka nje, anasimama uani, kisha anarudi ndani amenuna. Nikamwuliza ana nini. Akasema, "Natafuta maji, halafu nakumbuka hakuna." Basi Msukuma mimi, ambaye maji kwangu yalikuwa ya kunyweshea mifugo, nikajenga kisanduku kikubwa cha saruji ukutani, upande mmoja nikaweka kioo bapa cha mbele cha lori bovu. Fundi wa kuchomelea alitengeneza fremu huku akicheka. Mchanga na makombe mama yako aliyatoa kwao. Samaki wa kwanza, kuhe mdogo wa kiasi cha kiganja, aliletwa na lori la dagaa ndani ya pipa, barabara yote ile ya mashimo.

Nilimpenda yule kuhe kwa namna niliyoijua. Kwetu kiumbe unayempenda unamlisha nyama. Nikamlisha maini ya ng'ombe na moyo wa ng'ombe, na ukifika msimu wa harusi hata mafuta. Wateja walileta minofu yao. Akakua upesi, akanenepa, nikawa najisifu sokoni. Maji yakawa na utando juu kama supu iliyopoa, nami nikaona hiyo ni baraka.

Ndipo yakaanza matundu. Vishimo vidogo kichwani, juu ya macho na kwenye mashavu, na ndani ya kila kishimo kilitokeza kitu cheupe kama uzi. Mayu, ungekuwa mimi ungefikiria nini? Mimi niliona funza. Utoto wangu wote nilitolewa funza miguuni, na nikiwa mkubwa niliwatoa wadogo zangu. Hakuna mtu Usevya aliyekuwa na mkono mwepesi wa pini kunizidi. Nikapitisha pini kwenye moto, nikamtoa kuhe majini, nikamlaza juu ya gunia, nikaanza kuchokonoa. Ule uzi mweupe ulikatika, haukuwa na kichwa wala mwili. Ulikuwa ute tu. Nikaenda kishimo cha pili, nikaona ni vile vile, na bado nikaendelea mpaka cha mwisho, kwa sababu mkono uliokwisha kuanza kazi haupendi kuambiwa umekosea.

Alikufa wiki ile ile. Mama yako aliporudi kutoka msibani Karema akauliza ilikuwaje, nikamweleza. Akasema, "Umemtoa funza samaki?" Halafu akakaa chini akacheka mpaka akalia, na sijui kilio kile kilikuwa cha kicheko au cha kuhe. Habari ikafika sokoni kabla yangu. Mpaka leo muuza vitunguu ananiita Daktari wa Funza, nawe umemsikia mara nyingi bila kujua sababu. Sasa umeijua.

Nilichojifunza hapo si kwamba nilikosea dawa. Nilikosea swali. Niliuliza, hiki ni nini, nikajibu kwa kitu nilichokifahamu. Ningeuliza kwanza kipo wapi. Yale matundu yalikuwa pande zote mbili za kichwa, kulia na kushoto, kama yamepimwa kwa kamba. Funza hana utaratibu wa namna hiyo. Jiwe halina, wala ukuta hauna. Kitu kinachotoka ndani ya mwili au ndani ya maji ndicho kisichobagua upande. Yule samaki alikuwa anakula chakula kisicho chake ndani ya maji machafu, na ngozi ikasema. Mimi nikachukua pini nikaichokonoa kwa sababu imesema.

Mkaguzi, kuhe wa pili, alipokuja, mwaka ule wa uchaguzi wa vyama vingi, nilikuwa nimeshakoma maini. Tukampa dagaa na uduvi, tukabadilisha maji kidogo kidogo. Jina alipewa na wateja, maana hakuna sahani iliyopita mbele ya kioo asiifuate kwa macho. Mtu anakula sangara, na ndugu yake wa mbali anamkagua. Wengine walihama meza.

Ila usidhani nilikuwa nimeshahitimu. Unakumbuka kile kidonda cha ubavuni? Ulikuwa darasa la tano au la sita. Wanaume walikuwa wanabishana siasa hapa, mmoja akapiga meza, na wakati huo huo lori likageuza hapo nje na taa zake zikamwingia Mkaguzi machoni. Akaruka, akajigonga pembe ya fremu. Magamba kama manne yalitoka, upande wa kushoto tu. Safari hii niliuliza swali langu, kipo wapi, nikajijibu vizuri kwamba ni cha kugongwa. Nikavimba kichwa. Kisha nikamtoa majini nimsafishe kama ninavyosafisha ndama aliyechomwa na mwiba, nikamsugua kwa gunia kavu mpaka akawa hatelezi. Nikasema sasa ni safi.

Ni wewe uliyeniuliza, "Baba, mbona umemvua nguo?"

Nilikukemea. Baada ya siku chache pale nilipomsugua, si pale alipogongwa, paliota pamba. Pamba naijua, nimeivuna nikiwa na umri mdogo kuliko wako, na ile ilikuwa pamba kabisa, nyeupe, inapepea majini. Ndipo nikaelewa maneno yako. Ule ute ndio nguo yake. Ng'ombe ukimsugua anang'aa, samaki ukimsugua umemwachia mlango wazi. Na ile pamba haiingii kwenye ngozi nzima, ni mgeni wa mahali palipokwisha kufa. Ukipigana nayo peke yake utaipigania milele. Tulimrudisha kwenye hali yake kwa chumvi ya Uvinza, tukiimimina kidogo kidogo na kuonja, isifike ladha ya machozi. Mama yako ndiye alikuwa anaonja, kwa sababu mimi kila kitu naona kimepungua chumvi.

Sasa nije kwenye kidevu.

Umeona mwenyewe kilivyo. Ngozi imechubuka chini ya mdomo, nyama nyekundu inaonekana, na mapezi ya mbele yamechakaa ncha. Hali chakula. Rangi imekuwa kali, njano na mabaka meusi, na wewe ukasema ni homa. Ukaenda duka la dawa ukanunua vile vidonge vya rangi mbili ili uvifungue umimine. Viko kwenye kopo la majani ya chai. Sijavimimina na sitavimimina. Sikukasirika, mayu. Nilipokuwa nakuangalia unavihesabu nilijiona mimi na pini yangu, nikaogopa kidogo, nikafurahi kidogo, kwa sababu wewe unasita na mimi sikusita.

Nikajiuliza, kipo wapi? Kidevuni na kwenye mapezi ya mbele, chini tu. Kichwani hakuna tundu. Ubavuni hakuna gamba lililotoka. Pamba hakuna. Macho hayana weupe. Ugonjwa wa mwili mzima ungechaguaje kidevu? Hicho ni kidonda cha mtu anayefanya kazi. Mwanamke wa Mpimbwe anayepura mpunga, ukitazama viganja vyake huulizi ana maradhi gani. Lakini samaki anafanya kazi gani? Kila tulipomtazama alikuwa ametulia, anakagua sahani.

Hapo ndipo ng'ombe, kwa mara ya kwanza, walinifaa. Baba yangu alikuwa hamkagui ng'ombe mgonjwa akiwa amesimamishwa. Alikuwa anakwenda zizini taratibu kabla hajaamshwa, anamwangalia anavyojilaza na anavyocheua, kabla ng'ombe hajajua kuna mtu. Alikuwa anasema mgonjwa akijua anatazamwa anajikaza kama mgeni ukweni. Basi leo asubuhi, kabla ya wateja wa chai, nilichukua khanga ya mama yako nikaitundika mbele ya kioo, nikaacha upenyo wa jicho moja, nikakaa.

Kwa muda hakukuwa na kitu. Nilianza kusinzia. Kisha nikamwona anashuka kwenye kona, pale penye jiwe bapa. Akaweka kidevu chini, akasukuma. Akajaza mchanga mdomoni, akaogelea hadi upande wa pili, akautema. Akarudi. Akasukuma tena. Mchanga wetu ni mwembamba, unajua, na chini yake ni saruji. Nikaona kidevu kinagusa saruji, kinakwaruza, na yeye haachi. Mapezi nayo yanapiga pale pale, kupepea vumbi. Akaenda, akatema, akarudi. Alikuwa anachimba, Kabula.

Nikamwita mama yako aje aone. Alikuja na mwiko mkononi, akaweka jicho kwenye upenyo, akashusha pumzi. Akasema, "Huyu mbona anataka kutaga. Kuhe wote wanachimba hivyo, kwetu tunayaona mashimo yao maji yakiwa safi." Nikamwambia Mkaguzi ni dume. Akasema, "Nani alikwambia? Uliangalia wapi?" Miaka yote hii tumemwita bwana, na chini ya tumbo kuna kijibomba kidogo kimetokeza ambacho sikuwa nimekiona kwa sababu nilikuwa nimeshajua.

Hapo ningefurahi nikaishia hapo, ila kuna jambo moja zaidi nalo ndilo linalonifanya nikuandikie badala ya kukuambia kwa mdomo, maana kwa mdomo ungenikatiza.

Unakumbuka kila asubuhi wiki hizi tunakuta mchanga umelundikana upande mmoja? Tukasema wateja wanatikisa meza, au panya amepita juu. Nawe, kama nilivyokufundisha, unachukua kile kijiti unausawazisha vizuri, tambarare kabisa, kama unavyofagia uwanja. Nilikusifu kwa hilo. Nilisema huyu binti hata chini ya maji haachi uchafu. Mayu, lile halikuwa lundo la uchafu. Lilikuwa shimo lake na kifusi chake. Kila asubuhi tulikuwa tunamfukia nyumba, na kila siku anaanza upya juu ya saruji kwa kidevu kile kile. Kidonda hakifungi kwa sababu sisi tunakifungua. Ungebaki na vidonge vyako hadi treni ya mbele, na kijiti chako mkononi kila asubuhi, ungemtunza mpaka mfupa uonekane.

Usilie juu ya hilo. Kufagia ulifundishwa na mimi, nami nilifundishwa na mama yangu, na hakuna aliyetuambia kwamba kuna viumbe ambao kwao lundo ndiyo kazi yenyewe.

Leo asubuhi sikusawazisha. Ilikuwa vigumu, mkono ulikwenda kwenye kijiti mara mbili. Nimemwagiza kijana wa mkokoteni alete mchanga laini wa mtoni, tutauosha mpaka maji yatoke safi, tuujaze uwe wa kina cha mkono, asiguse saruji tena. Chumvi kidogo, mama yako ataonja. Khanga itabaki pale kwenye kioo, wateja wakinung'unika watakula wakitazamana. Hayo tu. Dawa nyingine hakuna, na kidevu nafikiri kitafunga chenyewe.

Ila sitakudanganya, kwa sababu hukunidanganya uliponiuliza mbona nimemvua nguo. Mama yako anasema watu wa Karema wanaamini kuhe hutaga mara moja. Anachimba, anataga, anawalinda watoto bila kula, anakonda, halafu basi. Kwa huyu wetu hakuna hata dume, mayai yatakuwa meupe na kuharibika. Je, naye atakonda? Au asipokuwa na watoto wa kulinda atarudi kukagua sahani kama zamani? Nimemwuliza mama yako, hajui. Nimewauliza madereva wa dagaa, wamecheka. Hakuna mtu Mpanda nzima wa kunijibu, na jambo hili limenikaa rohoni kama mfupa wa samaki kooni, lakini wa utamu. Kaulize huko chuoni. Watakwambia chuo ni cha ng'ombe na mbuzi, uliza hivyo hivyo. Na kuna lingine. Lile kovu la ubavuni, magamba yaliota tena lakini yamekaa kombo, yanatazama mbele. Kwa nini yanajua kuota na hayajui kujipanga? Sijawahi kulala bila kuliwaza hilo.

Huenda ukirudi likizo utamkuta, huenda hutamkuta. Ukiniuliza kwa barua nitakujibu ukweli, hata ukiwa mbaya. Lakini kwanza uniandikie wewe unaendeleaje, na mimi nitataka ukweli vile vile.

Kuna kitu nimekiogopa tangu barua yako ya chuo ifike. Si treni, wala si mji. Nimeogopa kwamba kila asubuhi nitaamka nikute umelundika mambo yako upande nisiouelewa, na nitanyoosha mkono niyasawazishe. Ningeweza kukuandikia kurasa za fanya hivi, usifanye vile. Nilianza, nikachana. Nitakukosa sana, mayu. Hoteli hii itakuwa na kelele za watu wengine tu. Mama yako anaimba huko nyuma ili asilie, na mimi naandika kwa sababu hiyo hiyo.

Nasikia sauti yako barabarani, unabishana na mtu wa baiskeli. Leo jioni nitakuonyesha tu kwenye upenyo wa khanga anavyochimba, ili kesho upande treni; barua hii nitaiweka kwenye kapu la chakula, chini ya mayai, utaiona ukipata njaa njiani. Ukiingia sasa hivi utanyoosha mkono kuchukua kijiti. Hutakiona. Nimekivunja nikawashia jiko la chai ya jioni.

Ni mimi baba yako, ambaye bado ninajifunza kutazama.